Mwenye tovuti ajue anachouza kabla ya kuhesabu faida

Mwezi uliopita, kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika kidato cha tatu na cha nne alinitembelea nyumbani jioni. Baada ya maamkizi na kikombe cha chai, alinieleza haja iliyomleta. Alitaka nimkopeshe shilingi 15,000 ili ajiandikishe katika semina ya siku mbili. Huko, alisema, angefunzwa namna ya kufungua tovuti yake mwenyewe, kuandika mambo machache kila wiki, kisha kuketi kitako na kungojea fedha za matangazo ya biashara. "Mwalimu," aliniambia, "kuna watu wanaolala maskini na kuamka matajiri. Kazi yao ni kuandika tu. Matangazo yanajileta yenyewe."

Sikumcheka. Kijana huyu ana shahada, na barua za kuomba kazi alizotuma ni nyingi kuliko majibu aliyopata. Isitoshe, si yeye peke yake mwenye ndoto hii. Tangu serikali ianzishe mpango wa Ajira Digital mnamo 2016, vijana wetu wamekuwa wakihimizwa kutafuta riziki mtandaoni, na himizo hilo si baya. Hata katika vyumba vya walimu, wakati wa mapumziko, hutakosa kusikia habari za mwalimu fulani wa shule jirani ambaye ameweka mitihani ya zamani na miongozo ya fasihi kwenye tovuti yake na ambaye, yasemekana, anavuna maelfu kila mwezi.

Fedha alizoziomba sikumpa. Nilileta karatasi na kalamu, tukaketi tukapiga hesabu pamoja hadi usiku ukaingia. Makala haya ni zao la hesabu ile.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa tovuti wala wa matangazo. Nina tovuti yangu tangu 2012, ambamo nimekuwa nikiandika kuhusu ushairi na sarufi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Nimewahi kuweka matangazo humo, nikapata fedha kidogo, nikapata na aibu ambayo nitaisimulia. Ninachokipinga ni mtu kuingia katika biashara bila ya kujua bidhaa yake ni ipi. Wengi wetu hudhani kwamba bidhaa ni maandishi yetu. La hasha. Anayelipa, yaani mwenye sabuni, mwenye benki au mwenye simu, hana haja na insha zetu. Anachonunua ni msomaji wetu: muda wake, macho yake na habari zinazomhusu. Na kwetu sisi walimu, msomaji huyo aghalabu ni mtoto aliyekabidhiwa kwetu na wazazi wake.

Tuanze na asili ya mambo. Mnamo tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la mtandaoni lililoitwa HotWired, huko Marekani, lilichapisha matangazo ya kwanza ya mstatili juu ya kurasa zake, na mojawapo lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T. Desturi ya siku zile ilikuwa sawa na ya magazeti. Mwenye bidhaa alinunua nafasi kwa muda uliokubaliwa, akalipa, tangazo likatundikwa. Mtu binafsi mwenye tovuti ndogo hakuwa na njia ya kubisha mlango wa kampuni kubwa, kwa sababu hakuna kampuni ambayo ingetuma afisa wake kujadiliana na mwalimu wa kijijini kuhusu senti chache.

Mlango ulifunguka mnamo 2003, wakati kampuni ya Google ilipoanzisha huduma ya AdSense. Tangu hapo, mwenye tovuti yoyote, akikubaliwa, huweka mistari michache ya maandishi ya tarakilishi katika kurasa zake, na wakala huleta matangazo. Hahitaji kumjua mwenye bidhaa, na mwenye bidhaa hahitaji kumjua yeye. Kwa kweli hili lilikuwa jambo kubwa. Lilimpa mtu mwenye maarifa, asiye na mtaji, kiti katika soko ambalo hapo awali lilikuwa la wakubwa pekee.

Lakini soko hili lina kanuni zake. Msomaji anapofungua ukurasa, kabla haujamaliza kutokea mbele yake, hufanyika mnada. Mitambo ya wenye bidhaa hushindania nafasi ile, na kila mmoja hutaja bei yake kwa kuzingatia mambo kadhaa: ukurasa unahusu nini, umeandikwa kwa lugha gani, msomaji yuko nchi gani, na mara nyingi, ni mambo gani ambayo amekuwa akiyatazama siku zilizopita. Mshindi huonyeshwa. Kisha fedha hugawanywa. Mnamo 2010 Google ilitangaza hadharani kwamba katika kila dola moja inayolipwa kwa matangazo ya namna hii, mwenye tovuti hupata senti 68. Mwaka 2024 mpango wa kugawa ulibadilishwa, na malipo ambayo kwa kiasi kikubwa yalitegemea kubofywa kwa tangazo yakaanza kuhesabiwa kwa kuonyeshwa kwake.

Msomaji makini ataona kwamba katika maelezo hayo yote hapana mahali ambapo bidii ya mwandishi imepimwa. Unaweza kukesha wiki nzima ukieleza tofauti kati ya sitiari na tashbihi kwa ufasaha usio na kifani, na mnada ule usijue. Bei hupangwa na wanunuzi, nao hufuata mfuko wa msomaji. Ukurasa ule ule, ukisomwa na mtu aliyeko London au Chicago, huwavutia wanunuzi wengi wenye fedha nyingi. Ukisomwa na mwanafunzi aliyeko Kakamega au Kilifi, wanunuzi huwa wachache na bei hushuka. Lugha nayo ina mkono wake. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha zilizokubaliwa na AdSense, na hata baada ya kukubaliwa, idadi ya wenye bidhaa wanaotangaza kwa Kiswahili haiwezi kulinganishwa na ya wale wanaotangaza kwa Kiingereza.

Sasa tuje kwenye ile karatasi niliyoandika na kijana wangu. Tuseme kwamba tovuti yake inalipwa dola moja kwa kila mara 1,000 kurasa zake zinapofunguliwa. Nasema "tuseme" kwa sababu bei hupanda na kushuka, lakini kila hesabu lazima ianzie mahali. Tuseme pia kwamba amepata bahati ya kusomwa na shule nzima yenye wanafunzi 600, na kwamba kila mwanafunzi anafungua ukurasa mmoja kila siku ya masomo, pasi na kukosa, kwa muhula wa wiki 13. Siku za masomo ni 65. Kurasa zilizofunguliwa ni 39,000. Malipo ni dola 39, ambazo kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola ni shilingi 5,070.

Kijana alinyamaza. Aliirudia hesabu kwa mkono wake, akapata jibu lile lile.

Hata hivyo, dola 39 hizo hazitamfikia. AdSense hailipi mpaka akiba ifike dola 100. Akiba inapofika dola 10, mwenye tovuti hutumiwa kwa posta barua yenye nambari ya siri ya kuthibitisha anwani yake, na asipoithibitisha, malipo husimamishwa. Sisi tunaotumia sanduku la posta la shule twajua safari ambayo barua kama hiyo hupitia kabla ya kutufikia mikononi. Aidha, mwenye akaunti sharti awe ametimiza miaka 18, jambo ambalo wanafunzi wetu wengi wa sekondari hawajalitimiza na ambalo wauzaji wa semina hawalitaji. Kwa upande mwingine zipo gharama. Jina la tovuti lenye tamati ya .ke hulipiwa kila mwaka, hata lile la .me.ke lililotengewa watu binafsi, na nafasi ya kuhifadhi kurasa nayo hulipiwa.

Kuna na kodi. Serikali za eneo letu zimekwisha kutambua kwamba hii ni biashara kama biashara nyingine. Nchini Tanzania, kanuni zilizotolewa mnamo 2018 ziliwataka wenye kurasa za aina hii kukata leseni ambayo ada zake, kwa jumla, zilipita shilingi milioni 2 za nchi hiyo. Hapa kwetu, Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha kodi ya zuio kwa mapato ya maudhui ya kidijitali, na matangazo ya kwenye tovuti yametajwa humo waziwazi. Mswada ulikuwa umependekeza asilimia 15, kisha Bunge likapunguza hadi asilimia 5. Mwalimu anayedhani kwamba senti zake za mtandaoni hazionekani na yeyote anajidanganya.

Hayo ni ya mfukoni. Yapo ya moyoni, na hayo ndiyo yaliyonisukuma kuchukua kalamu.

Mwaka wa pili tangu nifungue tovuti yangu, niligundua kwamba wakala wangu wa matangazo, ambaye sitamtaja, alilipa zaidi pale msomaji alipobofya tangazo. Nikaona nimepata njia ya mkato. Nikawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwamba kila atakayekwenda kwenye duka la intaneti mjini wakati wa likizo, afungue tovuti ya mwalimu na kubofya kila tangazo atakaloliona. Walitii. Watoto wale walinipenda, na wengine walitumia senti zao za nauli kukodi tarakilishi. Kwa muda wa juma moja mapato yangu yalipanda kama maji ya mafuriko. Juma lililofuata akaunti ilifungwa na fedha zote zikazuiliwa.

Nililalama kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Nilisema nimeonewa na matajiri wa ng'ambo. Ilinichukua muda mrefu kujiuliza swali rahisi: fedha zile zilitoka kwa nani? Zilitoka kwa wafanyabiashara walioamini kwamba anayebofya ni mtu anayetaka bidhaa yao. Huenda mmoja wao alikuwa mwenye duka dogo la viatu Nakuru, mtu kama mimi, aliyetenga elfu mbili tatu za kujitangaza. Mawakala wote wakubwa hukataza mtu kubofya matangazo yake mwenyewe au kuwaomba wengine wayabofye, na nilikuwa nimeukubali mkataba wenye katazo hilo bila ya kuusoma. Kwa lugha iliyo wazi, mimi mwalimu wa maadili na lugha nilikuwa nimewafundisha watoto 40 kuiba, nao hawakujua kwamba wanaiba.

Kosa la pili lilikuja miaka mitatu baadaye. Baada ya kufungiwa, nilijiunga na wakala mwingine ambaye masharti yake yalikuwa mepesi. Hakuuliza mengi, wala hakuchagua. Siku moja usiku nilipigiwa simu na mama ambaye sikumfahamu. Mwanawe alikuwa kidato cha pili katika kaunti nyingine. Alikuwa akisoma ukurasa wangu wa tamathali za usemi kwenye rununu ya mamake, akaona picha ya mpira na maneno ya kumwahidi zawadi, akabofya, na mwishowe akapoteza shilingi 700 za mamake katika kamari. Mama yule hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hukujua?" Kusema kweli sikujua. Sikuwa nimewahi kuyaona matangazo yale, kwa sababu mitambo humwonyesha kila mtu tangazo lake, na mimi nilikuwa naonyeshwa ya mbolea na mashamba.

Niliyaondoa matangazo yote usiku ule ule. Nilimrudishia fedha zake, naye akashukuru kwa adabu iliyonitia uchungu zaidi.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Nayasimulia kwa sababu twajua jinsi kamari ilivyowaingia vijana wa nchi hii. Mnamo Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba yalikuwa yakiwafikia watoto. Ikiwa serikali iliona haja ya kuchukua hatua hiyo kwa redio, runinga na mabango, mwenye tovuti ya watoto hana udhuru wa kusema kwamba ukurasa wake ni mdogo.

Jambo la tatu ni gharama anayotozwa msomaji mwenyewe. Mara nyingi tunasema kwamba masomo ya mtandaoni ni ya bure kwa mwanafunzi, kwa kuwa mwenye bidhaa ndiye anayelipa. Sivyo. Mwanafunzi aliyenunua bando la shilingi 20 huligawa bando hilo kati ya maandishi aliyoyatafuta na picha ambazo hakuzitaka. Ukurasa wa maandishi matupu ni mwepesi mno. Ukiongezewa picha na video za matangazo, uzito wake huongezeka mara nyingi. Hivyo mtoto wa maskini hulipa kwa bando lake ili tangazo limfikie, kisha mwenye tovuti hulipwa kwa sababu limemfikia. Huu ni mzunguko ambao tungepaswa kuuonea haya.

Fauka ya hayo, kuna habari zake binafsi. Nimetaja kwamba mnada huzingatia mambo ambayo msomaji amekuwa akiyatazama. Ili yajulikane, lazima afuatwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina kifungu mahususi kuhusu watoto, na huhitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mawakala wakubwa wameweka namna ya kuijulisha mitambo yao kwamba tovuti fulani ni ya watoto, ili wasomaji wake wasionyeshwe matangazo yanayotokana na kufuatwa. Ni walimu wangapi wenye tovuti ambao wameitafuta njia hiyo? Mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi bila ya kujua kwamba ipo.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba hata gazeti hili analosoma huishi kwa matangazo, na kwamba mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kufanya yafanywayo na magazeti. Hoja hii ina uzito. Lakini katika gazeti yupo mhariri na ipo idara ya matangazo. Tangazo husomwa na mtu kabla ya kupigwa chapa, na likiwa ovu, msomaji anajua mlango wa kupeleka malalamiko yake. Mwenye tovuti binafsi amekubali kutundika ukutani pake tangazo ambalo hajaliona, lililochaguliwa na mtambo ulio ng'ambo, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Gazeti linauza nafasi huku linaitazama. Sisi tunauza huku tumefumba macho.

Wa pili atasema kwamba mwalimu ana njaa, na maadili hayapikwi yakalika. Huyu nampa haki yake zaidi, kwa maana ninaujua mshahara wa mwalimu unavyokwisha kabla ya mwezi kwisha. Hata hivyo, hoja ya njaa ingekuwa na nguvu iwapo njia hii ingeshibisha. Tumeona hesabu. Shule nzima, muhula mzima, shilingi 5,070. Mtu mwenye njaa hafai kushauriwa alime mahali ambapo mvua hainyeshi.

Ipo njia nyingine, na si ngeni. Nchini Tanzania, mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi alianza ukurasa wake wa habari na picha kwa Kiswahili mnamo 2005. Wasomaji wakaja kwa sababu walipata humo mambo ya kwao yasiyopatikana kwingine, na baadaye kando ya ukurasa yakaonekana matangazo ya makampuni ya nchini mwake. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba wasomaji walitangulia, na wenye bidhaa wakafuata.

Mwalimu anaweza kufanya hivyo kwa kipimo chake. Katika kila mji wetu lipo duka la vitabu, yupo fundi wa sare za shule, na yupo anayeuza vifaa vya maabara. Hawa wote wanawatafuta wazazi na wanafunzi wa shule zilizo karibu nao. Kwao wasomaji 50 wa kata moja wana thamani kuliko wasomaji 5,000 waliotawanyika duniani. Mwenye duka akikubali kulipa shilingi 1,000 kwa mwezi, na wakapatikana watatu wa namna hiyo, kwa miezi mitatu mwenye tovuti atakuwa na shilingi 9,000. Atalipwa kwa M-Pesa, bila kungojea barua ya posta. Atakuwa ameliona tangazo kabla ya mtoto yeyote kuliona, ataliandika juu yake neno "Tangazo" ili asimchanganye msomaji, na picha yake ataifanya nyepesi ili isimle mwanafunzi bando. Hakuna atakayefuatwa. Fedha si nyingi, lakini zinapita zile za mnada, na mtu huzipokea akiwa ameinua uso.

Itambidi, bila shaka, awe na kitu cha kusomwa, na hapa pana ugonjwa mwingine. Tovuti nyingi zinazowalenga wanafunzi wetu zimejaa kazi za kunakili. Mwongozo wa riwaya au tamthilia iliyoteuliwa hunakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mwandishi wake, makosa yote yakiwamo, kisha matangazo huwekwa juu, katikati na chini. Mwandishi ambaye angekula kwa kitabu chake halipwi hata senti. Huo ni uvunjaji wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa kunakili insha ya mwenzake hafai kuutenda. Tena kazi ya kunakili haina tena soko. Tangu 2024 mtambo wa utafutaji wa Google umekuwa ukimpa mtafutaji muhtasari wa jibu juu ya orodha ya tovuti, hata mara nyingine asione haja ya kufungua tovuti yoyote. Anayerudia yaliyosemwa na wengine ndiye wa kwanza kukosa wasomaji. Atakayesalia ni yule mwenye la kwake: mwalimu anayeeleza makosa aliyoyaona kwa macho yake katika insha 200 alizosahihisha, au anayekusanya maneno ya lahaja ya kwao kutoka kwa wazee.

Kwa hivyo nina mapendekezo machache. Kwanza, walimu wenzangu walio na tovuti zenye matangazo ya mawakala wazifungue leo kwa rununu isiyo yao, ya jirani au ya mtoto wa nyumbani, wakaone kile ambacho wasomaji wao huonyeshwa. Wakiona lisilofaa, wasingoje simu ya mzazi.

Pili, hesabu ya matangazo ifundishwe darasani. Ni somo zuri la uwiano na asilimia, na pia la uraia. Mwanafunzi aliyepiga hesabu ile kwa mkono wake hataibiwa na muuza semina. Angalia kwamba muuza semina akipata vijana 30 wa kumlipa shilingi 15,000 kila mmoja, ana shilingi 450,000 kwa siku mbili, bila ya kuwa na tovuti yoyote. Kijana wangu alipoiona hesabu hiyo ya mwisho, alicheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Tatu, wanaosimamia elimu na mitaala watunge mwongozo mfupi, ulio wazi, kuhusu tovuti za walimu: ni nini kinaruhusiwa kutangazwa mbele ya wanafunzi, na ni nini hakiruhusiwi. Walimu hawapendi kuvunja sheria. Mara nyingi hawajaambiwa ipo.

Nne, mashirika ya humu nchini yanayotaka kuonekana yakiendeleza Kiswahili yanunue nafasi katika kazi nzuri za Kiswahili mtandaoni. Lugha haiwezi kuwa na wingi wa maandishi mazuri ikiwa kila anayeandika kwayo hulipwa chini ya anayeandika kwa nyingine.

Na kijana wangu? Aliondoka usiku ule bila mkopo na, nadhani, bila furaha. Siku kumi baadaye alinipigia simu. Hakutaja semina. Alisema amekuwa akiandika kwa Kiswahili kuhusu ufugaji wa kuku, kazi ambayo mamake amemsomeshea, na kwamba ana kurasa saba tayari. Alitaka kujua jina la tovuti hugharimu kiasi gani kwa mwaka.

Nilimwambia kwamba mwaka wa kwanza nitamlipia mimi, kwa sharti moja. Ana dada mdogo aliye katika shule ya sekondari. Asitundike tangazo lolote ambalo yeye mwenyewe hajaliona, na ambalo hangependa dada yake alione. Aliniuliza kama hayo tu ndiyo masharti. Nikamjibu kwamba hayo yakishikwa, mengine tutajadiliana fedha zitakapopatikana.